Nani Atakutazamia Nyayo

Ninaandika haya nikiwa na vidole vinane vya miguu. Viwili vya mguu wa kulia vilibaki hospitali. Sikuambiwa vilizikwa wapi, wala sikuuliza. Mguu wenyewe bado ninao, na kwa karibu mwaka mzima hilo ndilo swali lililokuwa likiniamsha kila asubuhi: leo bado ninao? Nilikuwa nafunua shuka na kutazama kwanza, maana kuusikia sikuusikia.

Kama una sukari, au unaye ndugu mwenye sukari, nimekuandikia wewe. Sitakueleza kongosho linafanya kazi gani. Hayo niliyafundisha miaka ishirini na mbili, na utaona yalinisaidia nini.

Mimi ni muuguzi. Kijiji chetu kiko upande wa Ikungi, ukiiacha Issuna na kushika njia ya vumbi. Zahanati ina vyumba vinne na benchi refu la mbao chini ya upenu. Watu wananiita Sista Paskalina, ingawa utawa sijawahi kuusogelea. Niliolewa, mume wangu akafariki, na binti yetu Neema anafanya kazi Mwanza. Nakaa peke yangu kwenye nyumba ya mtumishi nyuma ya zahanati. Na nina mdomo. Ukifika kijijini uliza tu, watakuambia.

Alhamisi ni siku ya watu wa sukari na presha. Nilikuwa nasimama mbele ya benchi, mikono kiunoni, nasomesha. Osheni miguu. Kausheni katikati ya vidole. Msitembee peku. Msiote moto. Pimeni maji kwa kiwiko kabla ya kutia mguu. Tazameni nyayo zenu kila siku ya Mungu. Nikimaliza nauliza, "Mmeelewa?" Benchi lote linaitika, "Ndiyo, sista!" Basi, mimi nikaona nimefundisha.

Kati ya hao wa benchini alikuwepo Mzee Ntandu, mkulima wa alizeti na uwele, mtu mpole, kofia haitoki mkononi. Miaka mitatu iliyopita alikuja mguu wa kushoto umefungwa kipande cha khanga. Nilipofungua nikakuta tundu kwenye unyayo, ungeweza kutia punje ya hindi na isionekane. Hasira zikanipanda.

"Mzee, nilikuambia nini kila Alhamisi?"

"Uliniambia nitazame nyayo."

"Na ulikuwa unatazama?"

Akaangalia kofia yake. "Ndiyo, sista."

"Mwongo mkubwa!"

Nilimwambia hivyo mzee wa rika la baba yangu, mbele ya benchi zima. Mtu mmoja akacheka. Wiki iliyofuata alikatwa mguu chini ya goti, na mimi nikapata mfano wa kufundishia. "Mnaona? Huyo hakusikia." Nilisema hivyo miezi mingi, na sikuona haya hata kidogo.

Sasa sikiliza uhondo wenyewe. Wakati namgombeza Mzee Ntandu, nilikuwa na mwaka mzima tangu nijipime mwenyewe, saa za kazi zimeisha, mlango umefungwa, nikakuta nami nina sukari. Sikumwambia mtu. Vidonge nilivimeza nikikumbuka. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi hata kujaribu sikujaribu sawasawa. Nilichoogopa si ugonjwa. Niliogopa benchi linong'one, "Kumbe sista naye?"

Mwezi wa saba, kwa asiyeijua Singida, ni mwezi wa upepo na baridi inayopenya hadi kwenye mifupa. Jioni moja ya mwezi huo, mwaka jana, nilitoka kazini miguu mizito kwa kusimama. Nikachemsha maji, nikayamimina kwenye beseni, nikatumbukiza mguu wa kulia kwanza, kama alivyokuwa akifanya mama yangu akitoka shamba. Nikaona hayana moto. Nikaongeza. Bado nikaona ya uvuguvugu. Nikawasha redio nikatulia, najisikia raha kabisa.

Nilipoutoa mguu, ngozi ya unyayo ilibanduka kama ya nyanya iliyochemshwa. Na sikuumia. Nilikaa pale nautazama mguu wangu kama wa mtu mwingine, redio inaendelea kuimba. Kiwiko nilikuwa nacho, viwili, na sikukikumbuka hata kimoja.

Siku kumi na mbili nilijifunga kidonda mwenyewe chumbani. Nilimeza dawa nilizojichagulia. Kazini nilivaa soksi nene na viatu vya marehemu mume wangu, nikasema baridi. Hakuna aliyeuliza. Ukizoea kuwa mkali, watu hawakuulizi kitu, na hapo ndipo nilipoanza kuuonja upweke ambao nilikuwa nimeupika kwa mikono yangu.

Aliyeuliza ni Salima. Salima alikuwa muuguzi mwenzangu, mtu wa Manyoni, mtulivu, mwenye miaka mitatu tu kazini. Mimi nilikuwa nikimwita "wewe mtoto." Siku hiyo ya Ijumaa asubuhi aliniona nakunywa maji kikombe cha nne tangu tufungue. Akafunga mlango wa chumba cha sindano.

"Sista, vua kiatu."

"Nimejikwaa tu, kazi nyingi, hebu toka."

"Sijauliza umefanya nini. Nimeomba uvue kiatu."

Nilivua. Harufu ilitoka kabla ya soksi. Salima hakusema "maskini," hakusema "sista jamani." Alinipima sukari, na mashine haikuandika namba, iliandika tu kwamba imepita uwezo wake. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumfundisha. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hujificha, kwa hiyo alipitisha nyuma ya mkono wake taratibu kutoka vidoleni kupanda juu, akitafuta joto linaishia wapi. Pale lilipoishia, juu kidogo ya kifundo, akachora mstari kwa kalamu ya wino.

"Tutaangalia saa sita," akasema.

Saa sita mchana joto lilikuwa limeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Mganga mfawidhi alikuwa kwenye mafunzo mjini. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale, nikatoa amri: nitaenda hospitali Jumatatu, nikishapanga mambo yangu.

"Hapana, mama," Salima akasema. Ni mara ya kwanza kuniita mama. "Hili haliingoji Jumatatu. Unatetemeka na hujui kama unatetemeka. Nimeshapiga simu, gari linakuja."

"Umepiga simu bila ruhusa yangu?"

"Ndiyo. Ukipona utanigombeza."

Sikuwahi kumgombeza. Kama angeingoja hiyo Jumatatu, haya yangekuwa yanasimuliwa na mtu mwingine, msibani.

Hospitali nilikuwa kitanda cha kumi na moja. Vidole viwili viliondoka siku ya pili. Baada ya hapo daktari wa upasuaji alisimama mwisho wa kitanda akasema, "Tunasubiri. Kidonda kikitulia, vizuri. Kikipanda, tunakata chini ya goti." Akaenda kitanda cha kumi na mbili. Nilibaki na neno "tunasubiri." Wagonjwa wengine walikuwa na watu wa kusubiri nao: wake, mashemeji, watoto wa dada, wanakaa kwenye mkeka nje ya wodi na hotpoti za ugali. Mimi saa ya kuona wagonjwa nilikuwa nageukia ukutani, nijifanye nimelala.

Neema alikuja siku nne. Alilia, akafua, akalia tena, ruhusa ikaisha akarudi Mwanza. Mdogo wangu Leokadia alikuja kutoka Iguguno na debe dogo la asali.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaanza kabla hajakaa. "Dada yangu msomi, umeificha sukari mpaka imekula vidole! Haya, kunywa hii kwenye uji."

"Leokadia, hiyo ni asali."

"Ndiyo, ya Itigi. Asali si sukari, ni dawa. Nyuki ana kiwanda?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwita mjinga, sauti ikasikika wodi nzima. Akafunika debe lake, akafunga khanga, akaondoka na basi la mchana. Hakunipigia simu mpaka mvua zilipoanza. Siku ile nilistahili kuachwa, lakini kustahili hakupunguzi uchungu. Nililia zaidi kwa sababu ya Leokadia kuliko nilivyolilia vidole.

Niliruhusiwa upepo wa mwezi wa tisa ukiwa bado unarusha vumbi. Muuguzi wa wodi, binti mwenye haraka na wagonjwa wengine thelathini, alisimama karibu na kitanda akanisomea maelekezo: sindano ya insulini hivi, kidonda hivi, chakula hivi, mguu usikanyage, rudi tarehe fulani. "Umeelewa, mama? Ah, wewe ni muuguzi mwenzetu." Nikasema ndiyo.

Nyumbani Salima alinikuta nimekaa na mfuko wa dawa mapajani.

"Sista, hebu niambie mwenyewe. Kesho asubuhi ukiamka utafanya nini?"

"Ninajua."

"Najua unajua. Niambie."

Nikafungua mdomo. Nitachoma sindano... kabla ya chakula au baada? Ngapi? Insulini nitaiweka wapi nyumba isiyo na friji? Niliyajua yote haya! Nilikuwa nimeyasema kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini yale maneno ya wodini yalikuwa yamenipita kama upepo, maana nilipokuwa nasomewa, nilikuwa nafikiria tu goti langu. Nilisema "ndiyo" ili yule binti asinione mjinga, na ili aondoke.

Salima hakucheka. Alileta chungu kidogo, akatia mchanga ndani, akaunyunyizia maji, akaweka kichupa cha insulini kwenye mfuko wa nailoni na kukifukia humo, akakiweka chungu kivulini. Tukaanza jambo moja moja, na kila moja alinirudisha nimweleze kwa maneno yangu. Ilichukua mchana mzima. Tangu siku ile alikuja kila siku kunifunga kidonda, na akimaliza anautazama na mguu mzima, unyayo mpaka kati ya vidole, anapitisha nyuma ya mkono.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, nilirudi hospitali kuonyesha kidonda. Unafika saa moja asubuhi, unaweka daftari kwenye foleni, unakaa. Benchi la hospitali nililijua kwa upande wa kusimama tu. Kukaa ni habari nyingine. Unajifunza nyufa za sakafu. Unamtazama kila muuguzi anayepita usoni, unatafuta kama leo amekasirika. Mimi! Nilikuwa nawatazama wasichana wadogo wa umri wa Neema usoni, naogopa.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi, mtu alikaa pembeni yangu, akaegemeza magongo yake ukutani. Alikuwa Mzee Ntandu, amekuja kliniki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Pole. Nilisikia."

Kila mtu alikuwa amesikia, bila shaka. Jina langu lilikuwa bado mbali, na lile neno nililomwambia lilikuwa limekaa katikati yetu kama mtu wa tatu.

"Mzee," nikasema mwisho, "kwa nini hukuwa unatazama nyayo? Sikugombezi. Nataka kujua."

Akaizungusha kofia. "Nizitazameje, mwanangu? Goti halikunjiki. Macho haya yanaona mbuzi, ila mbuzi yupi hayajui."

"Si ungemwomba mtu nyumbani akutazamie?"

"Nani? Mke wangu alishafariki. Mwanangu yuko machimboni Sekenke, anakuja Krismasi. Nyumbani nipo mimi na mkamwana." Akanigeukia. "Wewe si Mnyaturu? Mkamwana ashike nyayo zangu? Nikae nimemnyooshea mguu mke wa mwanangu?"

Mimi ni Mnyaturu. Nilikulia kwenye nyumba ambayo mama yangu alikuwa akizunguka nyuma ya boma ili asipishane na baba mkwe wake mlangoni. Nilijua kabisa mzee huyu anaishi na nani, maana mkamwana wake nilimzalisha mimi watoto wawili. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili. Nilisema tu "mtu wa nyumbani," nikaenda zangu.

"Ungeniambia, mzee."

"Ungenigombeza mbele za watu. Kusema ndiyo ni kwepesi zaidi." Hakusema kwa uchungu. "Nilikuwa naomba Mungu tu, kila jioni, mguu uwe mzima. Na wewe nani alikuwa anakutazamia?"

"Hakuna."

"Ehee," akasema, na jina lake likaitwa.

Nilimwomba radhi Jumatano nyingine tulipokutana, benchini hapo hapo, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu nilimtukana kwa sauti ya kusikika. Aliniambia nipunguze sauti, watu wana wagonjwa.

Mvua zikaanza mwezi wa kumi na mbili. Leokadia akaja, bila debe, amebeba mlenda mkavu na kuku aliyefungwa miguu. Hatukusemeshana juu ya asali. Alilala siku tano, akanipikia, akaondoka kwenda kupanda. Kidonda kilikuwa kimeanza kujaa nyama nyekundu, mbichi, nzuri. Sikujua mtu anaweza kufurahia nyama namna hiyo. Daktari aliacha kutaja goti. Kisha mwezi wa pili Salima akahamishwa, akarudishwa upande wa kwao Manyoni.

Siku ya kuaga aliniletea kioo kidogo cha kuweka chini, uone unyayo bila kukunja mguu. Alinipa na kitabu chake cha namba za simu, ili nikikwama nijue wa kumpigia. Nilisimama mlangoni kwa gongo langu mpaka pikipiki ikapotea.

Usidanganywe, ndugu msomaji: miezi ile mitatu baada ya Salima kuondoka ilinishinda kuliko hospitali. Wakulima wote walikuwa mashambani, palizi kisha alizeti zikachanua, kijiji chote njano, na mimi mlango umefungwa. Kila jioni kabla giza halijaingia niliweka kioo sakafuni, nikainama juu yake. Kioo kinakuonyesha unyayo. Hakikuulizi kama umekula. Kuna siku nilijibu tu mwenyewe, "Leo uko salama, Paska," nikashtuka kusikia sauti ndani ya nyumba.

Nilirudi kazini alizeti zikivunwa, na kiatu maalumu kilichojazwa sponji mahali pa vidole viwili. Alhamisi ya kwanza benchi lilijaa. Walikuwa wamekuja kuona. Sikusimama. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yao, nikavua kiatu, nikawaonyesha. Mama mmoja akafunika mdomo.

"Nina sukari," nikasema. "Miaka minne sasa. Niliwaficha."

Siku ile sikuuliza "mmeelewa." Niliwaita chumbani mmoja mmoja, na swali la kwanza lilikuwa, "Nyumbani uko na nani?" Ajabu majibu niliyoyapata. Bibi mmoja anaishi na kipofu mwenzake. Baba mmoja ana mke, ila hawajasemeshana tangu kilimo. Hao wote walikuwa wananiitikia ndiyo kwa miaka.

Mzee Ntandu aliingia wa mwisho. Nilimfungia pazia, nikamwomba auweke mguu wake mmoja kwenye paja langu. Amevaa kandambili ya tairi. Nikakuta mwiba wa mgunga umepenya tairi na kuingia kwenye kisigino, na umevunjikia humo. Hakuwa na habari. Nikauchomoa, nikasafisha, nikamwonyesha kwa kumshikisha mkono jinsi ya kutafuta joto kwa nyuma ya vidole, maana kwa macho hawezi. Goti la mguu huo aliweza kulikunja kidogo akikaa. Kisha nikamwambia, "Sasa niambie wewe, mzee. Ukifika nyumbani utafanya nini?" Akanieleza vyote, na kilichomshinda tulikubaliana atakuja kwangu kila Alhamisi.

Nikadhani tumemaliza. Hakuinuka.

"Na wako?" akauliza. "Yule binti wa Manyoni si ameondoka?"

"Nina kioo."

"Kioo!" Akacheka mpaka akakohoa. Akapigapiga paja lake. "Lete."

"Mzee, haifai. Wewe ni kama baba yangu. Watu wako nje, watasema."

"Waseme. Mimi niliogopa maneno nikapoteza mguu. Lete, mwanangu."

Nilivua kiatu. Niliweka mguu wangu kwenye paja la Mzee Ntandu, ule wa vidole vitatu, na uso ukaniwaka kwa aibu. Akaweka nyuma ya mkono wake kwenye kifundo, akashuka taratibu, kisigino, unyayo, mpaka kwenye kovu. Mkono wake mgumu wa jembe. Sikuusikia kabisa. Nilijua tu upo kwa sababu nilikuwa nautazama, na machozi yakanitoka bila kelele, nikayaacha.

"Joto hakuna," akasema. "Ila hapa chini ya kidole gumba pana ufa. Mdogo. Ungepakwa mafuta."

Kwenye kioo sikuwahi kuuona ufa huo.

"Ndiyo, mzee," nikasema, nikaanza kuuondoa mguu.

Akaushika. "Ndiyo gani? Hebu niambie mwenyewe. Ukifika nyumbani utafanya nini?"

Nikafuta uso, nikamweleza, jambo moja moja, na yeye akasubiri mpaka nimalize.